Kabla Hujashika Brashi: Kwa Wanaoanza Kujitolea Kukarabati Vibao vya Kumbukumbu Arusha na Moshi

Duka lolote la vifaa vya ujenzi, Arusha au Moshi, litakuuzia asidi ya kusafishia vigae, brashi ya waya na kopo la rangi ya mafuta. Kwa vitu hivyo vitatu unaweza kuua kibao cha miaka 60 kwa asubuhi moja, na wapita njia wakakupongeza kwa sababu kinang'aa. Marumaru ni jiwe la chokaa: asidi ikiligusa linatoa povu, na povu lile ni jiwe lenyewe linaondoka pamoja na makali ya herufi. Brashi ya waya huacha chembe za chuma kwenye vitundu vya jiwe. Mvua za vuli zikinyesha chembe zinaota kutu, na jiwe linabaki na madoa ya kahawia yasiyotoka. Rangi iliyopakwa juu ya kutu huificha miezi michache, halafu inavimba kama malengelenge na kubanduka pamoja na herufi za zamani zilizokuwa chini yake.

Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna kupaka wala kusugua. Ni siku ya kuuliza, kutazama, kupima na kuandika. Vijana wengi huiona siku hiyo kama imepotea, lakini makosa mengi yasiyorekebishika yanatokana na kuiruka.

Kibao kina mwenyewe

Hata kikiwa kimelala kwenye majani, kibao kina mwenyewe. Anza kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, kisha ofisa utamaduni wa halmashauri. Hao ndio watakaokuambia nani anakimiliki. Kando ya barabara kuu, kwa mfano ile ya Arusha–Moshi, kuna pia wenye barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Vuta futi kamba kabla ya kuandika barua: kibao kilicho mita 25 kimo ndani ya hifadhi, na TANROADS, wakala wa barabara kuu, lazima wajue utakuwepo hapo na unafanya nini. Barabara za mitaani na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Jengo au alama iliyotangazwa rasmi kuwa kumbukumbu inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hiyo huigusi bila kibali cha maandishi, hata kama nia yako ni kuosha tu. Makaburi ya vita yaliyopo Moshi yana watunzaji wao, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yaache kabisa. Ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro, kuanzia geti la Marangu, ni eneo la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Kuna umiliki mwingine usioandikwa popote. Ukienda Old Moshi kwa ajili ya alama yoyote inayohusu Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, usifike na ndoo na msasa mkononi. Nenda mikono mitupu, waamkie wazee shikamoo, keti, eleza, sikiliza. Inawezekana mzee anakumbuka maneno yaliyokuwa kwenye kibao kabla hakijafutika, na hicho hakipatikani ofisi yoyote. Inawezekana pia wakakuambia kibao kisiguswe. Jibu hilo liheshimu.

Ukishapata barua yenye muhuri, toa nakala tatu. Moja ikae mfukoni mwako kila siku ya kazi, kwa sababu mtu anayechezea kibao kando ya barabara ataulizwa tu, na ni haki aulizwe.

Soma kabla ya kuosha

Piga picha ya kibao kizima, pande zote nne, halafu kila mstari peke yake, ukiweka rula ndani ya picha. Herufi zilizofifia husomeka vizuri jua likiwa pembeni: saa 2 hadi saa 3 asubuhi, au saa 10 hadi saa 11 jioni. Saa 6 mchana jua likiwa utosini uso wa jiwe huonekana bapa na hutaona kitu. Kama kibao kiko kivulini, mwenzako ashike kioo cha ukutani mita 3 au 4 kutoka hapo, arushie mwanga ukipita sambamba na uso wa jiwe. Herufi zitainuka mbele ya macho yako. Usijaze chaki wala unga wa ngano kwenye herufi ili zisomeke. Chaki hukwaruza, na unga huleta sisimizi leo na ukungu mwezi ujao.

Andika maandishi yote kwenye daftari herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake. Herufi usiyoiona weka nukta. Unayoikisia izungushie duara. Hapa ndipo wageni wanapoteleza sana: wanaona kosa, wanalisahihisha. Tarehe mbili zikigongana si lazima moja iwe ya uongo. Kibao kimoja kinaweza kusema Azimio la Arusha ni la Januari 1967, kingine 5 Februari 1967. Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari na kulipitisha, kisha likatangazwa tarehe 5 Februari. Vivyo hivyo reli ya kutoka Tanga: ilifika Moshi mwaka 1911, ikafunguliwa rasmi mwaka 1912. Ukikuta urefu wa Kilimanjaro umeandikwa futi 19,340 usiufute ili uandike mita 5,895. Ukikuta kilele kimeitwa kwa jina la Kaisari wa Ujerumani badala ya Uhuru, jina hilo nalo ni ushahidi wa nani alikuwa akitawala siku bamba lilipochongwa. Penye kosa la kweli, wenye kibao wakikubali, kinawekwa kibao kidogo cha pili pembeni chenye maelezo. Cha zamani kinabaki kilivyo.

Tambua pia kimetengenezwa kwa nini, maana kila kitu kinachofuata kinategemea hilo. Sumaku ya spika iliyokufa inatosha: ikishika ni chuma au bati, isiposhika huenda ni shaba au aluminiamu. Kwa jiwe, kwaruza kidogo kwa ncha ya kisu ukingoni chini, mahali pasipoonekana. Kisu kinaacha alama kwenye marumaru, kwenye granaiti kinateleza.

Kuosha

Kuosha peke yake kunamaliza zaidi ya nusu ya kazi nyingi, na mara kadhaa baada ya kuosha tumegundua hakuna kingine cha kufanya. Mnara wa mita 1.5 unahitaji kama ndoo 3 za lita 20. Maji ya kusuuzia yawe ya mvua. Maji mengi ya visima na mito chini ya Mlima Meru yana floridi na chumvi nyingine nyingi. Yakikauka juu ya jiwe jeusi yanaacha utando mweupe, na mtu asiyejua anarudi kuusugua kwa nguvu zaidi.

Lowanisha jiwe lote kwanza kabla sabuni haijaligusa, ili vitundu vijae maji safi na sabuni isizame ndani. Sabuni ni ya maji, isiyo kali, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5. Osha kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, maji machafu yanachuruzika kwenye jiwe ambalo halijaoshwa na kuacha michirizi. Tumia brashi laini ya nailoni. Ndani ya herufi brashi ya meno na kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Brashi ngumu ya kufulia nguo inafaa kwenye zege tu. Mashine ya kuoshea magari ibaki kwenye magari: presha yake inang'oa chokaa katikati ya mawe na kula kingo za herufi.

Matangazo ya matamasha na ya waganga hubandikwa kwa uji au gundi, wakati mwingine tabaka kumi. Weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu juu yake dakika 20, vua tabaka moja, rudia. Usitumie kisu.

Sehemu za juu zenye unyevu, Marangu, Kibosho, Old Moshi, mawe huota majani ya mwani na yale magamba makavu ya kijivu na manjano. Magamba yale yameingiza mizizi ndani ya jiwe, na ukiyabandua makavu yanaondoka na punje za jiwe. Dawa yenye benzalkonium chloride, iliyochanganywa na maji ibaki na nguvu ya asilimia 1 hadi 2, hupakwa jiwe likiwa kavu, siku isiyotarajiwa mvua kwa saa 24. Vaa glavu na miwani. Kisha ondoka, rudi baada ya wiki 2 hadi 4. Magamba yatakuwa yamekufa na kugeuka kahawia, nayo yatatoka kwa maji, brashi laini na kibanzi cha mti. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isikaribie jiwe: inaacha chumvi ndani, na chumvi ikikauka inatanuka na kumega uso wa jiwe kidogo kidogo.

Vibao vya chuma na bati

Hivi ndivyo vingi barabarani, na ndivyo vinavyoharibiwa zaidi. Kwanza amua: herufi zinasomeka au hazisomeki? Zikisomeka hata nusu, hubandui rangi yote. Tandaza nailoni angavu juu ya kibao, chora kila herufi kwa kalamu ya wino usiofutika, na weka alama za pembe nne ili uweze kuirudisha mahali pake hasa. Halafu shughulikia madoa ya kutu tu. Kwangua, piga msasa namba 80 hadi chuma kiwe kinang'aa, namba 120 kulainisha, na namba 220 kwenye ukingo wa rangi ya zamani ili ishuke kama mteremko bila ngazi. Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, inapakwa kwenye chuma kilicho wazi peke yake, siku hiyo hiyo. Chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja wa umande kimeshaanza kutu asubuhi, hata kama huioni.

Msasa uwe wa maji. Rangi za zamani, hasa nyekundu ya chini na manjano, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru watoto kuliko mtu yeyote. Tandaza turubai chini, kusanya maganda yote, funga kwenye mfuko. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo.

Bati lina kisa chake. Watu hupaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya bati jipya, na baada ya mwaka inatoka kama ganda la yai la kuchemsha. Zinki iliyo juu ya bati hugeuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni, ikiwa ni pamoja na praima nyekundu ya kawaida. Osha bati kwa siki, suuza, kausha, kisha tumia praima iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya mabati, au rangi ya maji ya nje iliyoruhusiwa kwa mabati.

Kuhusu kiasi: kibao cha sentimita 60 kwa 90 kina mita za mraba 0.54 upande mmoja, yaani karibu 1.1 pande zote mbili. Lita moja ya rangi ya mafuta ukiipaka kwa brashi hufunika kama mita za mraba 8 hadi 10. Mikono miwili ya praima na miwili ya rangi ni mita za mraba 4.4, kwa hiyo kopo la lita moja la kila aina linatosha na kubaki. Usinunue galoni kwa sababu ya bei nafuu. Litagandia juu kabla hujafika kibao cha tatu. Thina isizidi sehemu moja kwa kumi ya rangi. Ikizidi, rangi inachuruzika na tabaka linakuwa jembamba mno kuzuia maji.

Saa ya kupaka ni muhimu kuliko aina ya rangi. Juni hadi Agosti, Arusha hasa, chuma hubaki na umande mpaka saa 4 asubuhi, wakati mwingine zaidi. Futa sehemu moja kwa kitambaa kibichi: ikikauka ndani ya dakika 15, anza. Isipokauka, subiri. Acha kupaka saa 9 alasiri, la sivyo umande wa jioni utaikuta rangi bado mbichi na itafifia mng'ao. Mkono wa pili usipakwe kabla ya saa 24. Kwenye baridi ya Julai ngoja siku mbili. Ukiharakisha, rangi ya chini inajikunja kama ngozi ya maziwa, na hapo dawa ni kubandua yote. Jingine dogo: mwagia maji ardhi inayozunguka kibao kabla ya kufungua kopo. Noah moja ikipita pembeni ya barabara ya vumbi inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Herufi mpya ziandikwe kwa mkono. Mtafute fundi anayeandika vibao vya maduka kwa brashi, mpe ile nailoni na picha za zamani, na mwambie afuate umbo la herufi lilivyokuwa, hata kama anajua kuandika zinazopendeza zaidi. Hatupendekezi stika. Jua letu hukausha stika, inasinyaa na kuvuta rangi iliyo chini yake.

Mwisho tazama nguzo pale inapoingia ardhini. Kutu hula hapo kwanza, maana udongo unashika maji. Zege la chini liinuke sentimita 5 juu ya udongo na liwe na mteremko kila upande. Penye njia ya mifugo weka nguzo mbili za mti mita moja kabla ya kibao. Ng'ombe akiwashwa atajikuna popote, afadhali ajikune hapo.

Zege, mawe na shaba

Zege linapopasuka kwa mstari mrefu na kutoa maji ya kahawia, nondo ndani imeshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo inayosukuma zege nje. Kuziba ufa kwa lipu juu juu ni kazi bure. Chonga zege bovu hadi uizunguke nondo, na nyuma yake pawe na nafasi ya milimita 20. Safisha nondo, paka uji wa saruji, na kabla haujakauka jaza mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3. Funika kwa gunia lililoloweshwa, ulowanishe asubuhi na jioni kwa siku 7.

Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa haujazwi saruji tupu. Saruji ni ngumu kuliko jiwe laini la volkano na hairuhusu maji kutoka. Maji yanatafuta njia kupitia jiwe, na jiwe ndilo linalomeguka. Tumia saruji 1, chokaa 2, mchanga 9, au chokaa 1 kwa mchanga 3 bila saruji. Pima mchanga kwanza: jaza nusu chupa, ongeza maji na kijiko cha chai cha chumvi, tikisa, acha saa 3. Juu ya sentimita 10 za mchanga tope lisizidi milimita 8. Likizidi, osha mchanga, na chumvi ya kipimo hicho usiitie kwenye kazi.

Bamba la shaba halisuguliwi ling'ae. Ule utando wa kahawia ndio ngozi yake. Osha, kausha juani, kisha lipake nta: gramu 100 za nta ya nyuki zilizoyeyushwa kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Liondoe kopo mbali kabisa na jiko, ndipo umimine mililita 300 za tarpentaini. Paka nyembamba bamba likiwa na joto la jua, futa kwa kitambaa cha pamba hadi kidole kisiache alama. Rudia kabla ya masika na kabla ya vuli. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu; ya chuma cha kawaida ikigusana na shaba na kulowana huliwa haraka, na bamba linabaki linaning'inia kwa wanaookota vyuma chakavu. Pima bamba, lipige picha mbele na nyuma, liandike uzito. Ukishaibiwa ndivyo vitu polisi watakavyouliza.

Ukiwa barabarani

Wawe watu wawili angalau. Mmoja hafanyi kazi kabisa: amevaa riflekta, anatazama magari yanakotoka, ana filimbi. Koni tatu zianze mita 30 kabla yenu upande magari yanakotokea, na zijumuishe njia ya pembeni, maana bodaboda hupita hapo hapo. Asiwepo mtu anayerudi nyuma ili atazame kazi yake kwa mbali bila mwangalizi kumruhusu.

Baada ya masika, mwezi Juni, rudini na kitambaa kibichi, daftari na picha za zamani. Tazameni ukingo wa chini wa kibao, viungo vya nguzo, na kila boliti. Mkikuta mchirizi wa kutu umeshuka kutoka kwenye boliti moja, fungueni hiyo moja, safisheni tundu lake, pakeni praima na rangi, rudisheni na washa ya plastiki, na mwandike tarehe.